Brussels kwa Macho ya Mtu wa Ziwa

Uvira jua huwahi kupotea. Milima ya Mitumba imesimama upande wa magharibi, juu kabisa ya nyumba, na kabla ya saa kumi na mbili jioni kivuli chake kimeshuka hadi ufukweni na kuanza kuvuka maji, huku ng'ambo Bujumbura bado inang'aa. Brussels mwezi wa saba ni kinyume chake. Saa tatu na nusu usiku watoto bado wanacheza mpira bustanini, na mzee aliyeketi nje anamalizia gazeti lake bila taa. Kwa hiyo Jumamosi na Jumapili za kiangazi hutosha kuona mengi katika mji huu, mradi mtu ajue anatafuta nini.

Mimi nilikuwa natafuta Ziwa Tanganyika.

Wabelgiji wa kwanza waliotumwa na Mfalme Leopold II kufungua vituo ndani ya Afrika hawakuingilia mdomo wa mto Kongo. Waliingilia Zanzibar, wakapita Tabora kwa njia ya misafara, wakaja kwetu. Mwaka 1879 walijenga kituo Karema, pwani ya mashariki ya ziwa, miaka 6 kabla mataifa ya Ulaya hayajamtambua Leopold kuwa mwenye Kongo. Waliyoyachukua, waliyoyaandika na waliyoyapima yalisafirishwa hadi mji wao mkuu, na sehemu kubwa bado iko huko. Mtu wa Uvira, wa Baraka, wa Kalemie au wa Moba akitembea Brussels anapita katikati ya mali na habari za nyumbani kwake. Wageni wengi wa kwetu hawaambiwi hivyo. Wanapelekwa kwenye chokoleti, wanapigwa picha chini ya Atomium, wanarudi.

Mwenyeji wangu ni mama mdogo, aliyetoka Uvira katika vita vya mwaka 1996 na sasa anafanya kazi ya kuhudumia wazee. Yeye ndiye aliyenitengenezea njia. Alisema tuanze na mambo ya watalii tuyamalize haraka, na tukayamaliza haraka kweli. Grand-Place ni uwanja wa kuvutia. Nyumba zake za vyama vya mafundi na wafanyabiashara zilijengwa upya baada ya mizinga ya Wafaransa kuubomoa mji mwaka 1695, na asubuhi ya kiangazi dhahabu ya kuta zake huwaka kwa jua. Manneken Pis, kale kasanamu ka mtoto anayekojoa, ni kadogo kuliko mtu anavyodhani, na wageni wamekazunguka kana kwamba kuna jambo kubwa limetokea. Tulitazama, tukaendelea.

Mama mdogo alinisimamisha mahali ambapo sikutarajia: mbele ya hoteli ya Plaza, barabara ya Adolphe Max, kati ya maduka ya nguo. Mwezi wa kwanza mwaka 1960 wajumbe wa Kongo walikuja Brussels kwa mkutano wa Meza ya Mviringo. Patrice Lumumba alikuwa gerezani. Wenzake wakakataa kuendelea bila yeye, akatolewa, akaletwa kwa ndege. Muda mfupi baadaye tarehe 30 Juni ikakubaliwa kuwa siku ya uhuru. Wanamuziki wa African Jazz wa Joseph Kabasele walikuwa wamekuja pamoja na wajumbe, na wimbo wa "Indépendance Cha Cha" ulipigwa katika hoteli hii. Kila harusi ya Uvira niliyohudhuria tangu utotoni imeupiga wimbo ule, na wazee huinuka wote. Hapo nje watu walipita na mifuko yao ya maduka. Mama mdogo aliimba kwa sauti ndogo akiwa amesimama njiani, na mimi sikuona haya hata kidogo.

Kutoka hapo tulipanda hadi Place du Trône, nyuma ya jumba la mfalme. Leopold II amekaa juu ya farasi, mkubwa, mweusi wa shaba. Sanamu hiyo iliwekwa mwaka 1926. Mwaka 2020, dunia ilipokuwa ikiandamana baada ya kifo cha George Floyd, sanamu za mfalme huyu zilimwagiwa rangi nyekundu Ubelgiji nzima. Jambo la kutazama hapa, zaidi ya mfalme mwenyewe, ni maandishi madogo yaliyowekwa kwenye msingi. Yanasema kwamba shaba na bati za sanamu hii zilitoka Kongo ya Wabelgiji, zikatolewa bure na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga.

"Soma tena," mama mdogo aliniambia. "Bure. Nani alitoa bure?"

Mwalimu wa historia angehitaji mwezi mzima darasani kueleza swali hilo. Kampuni ilitoa bure kitu ambacho wachimbaji wa Katanga ndio waliokitoa ardhini, na mtu aliyesifiwa kwa kitu hicho hakuwahi kukanyaga Kongo hata siku moja.

Dakika chache kwa miguu kutoka kwenye farasi yule kuna kibao cha buluu chenye jina la Patrice Lumumba. Uwanja huo mdogo, karibu na Porte de Namur, ulizinduliwa tarehe 30 Juni 2018 baada ya Wakongo wa Brussels kuudai kwa miaka mingi. Ni mahali pa kupita mabasi na watu wenye haraka. Hakuna chemchemi wala maua ya kutosha. Nilikaa pale nikifikiri juu ya jino. Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, mwili wake ukayeyushwa kwa tindikali, na polisi mmoja wa Kibelgiji akaweka jino lake nyumbani kwa miaka. Serikali ya Ubelgiji iliwakabidhi watoto wake jino hilo hapa hapa Brussels, mwezi wa sita mwaka 2022. Ndilo lililozikwa Kinshasa. Taifa zima lilizika jino.

Matonge huanza kwenye uwanja huo. Kartie hii imepewa jina la Matonge ya Kinshasa, na ilikua kuzunguka nyumba ya wanafunzi wa Kongo, Maison Africaine, iliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Jumamosi ya kiangazi kila mtu yuko nje. Wasusi wa Galerie d'Ixelles wanaita wateja mlangoni, vijana wamevaa kama wanakwenda kufunga ndoa, moshi wa mishikaki unatoka kwenye makaa, muziki wa duka hili unapigana na wa duka lile. Lugha ya hapa ni Kilingala, hilo lazima lisemwe wazi. Lakini mama mdogo anaijua kona ambayo watu wa Kivu, wa Burundi na wa Rwanda hununulia vitu, na hapo Kiswahili kilikuja chenyewe. "Mama, habari ya siku mingi?" Sombe iliyotwangwa iko kwenye friji, unga wa muhogo uko kwenye magunia madogo, na ndagala wakavu wako kwenye mifuko ya nailoni, kwa bei ambayo mvuvi wa Kalundu hajapata kuisikia. Tulinunua kidogo. Bugali wa usiku ule, uliopikwa kwenye ghorofa ya tatu dirisha likiwa wazi, ulikuwa na harufu ya nyumbani kabisa.

Kabla ya chakula hicho, hata hivyo, kulikuwa na sehemu ngumu ya siku, na ndiyo iliyonifanya nitake kuandika.

Karibu na Place du Trône kuna bustani tulivu inayoitwa Square de Meeûs. Wafanyakazi wa ofisi za Umoja wa Ulaya hula mkate wao wa mchana pale. Kwa miongo mingi palikuwa na sanamu ya kichwa na mabega ya Émile Storms, mwanajeshi wa Kibelgiji. Mwaka 2022 komini ya Ixelles iliiondoa. Watu wachache wa kwetu wanalijua jina hilo, ingawa boti zinazotoka Kalundu kwenda Moba hupita mbele ya mahali alipofanya kazi yake. Storms alifika Karema mwaka 1882, akavuka ziwa, na mwezi wa tano mwaka 1883 akajenga ngome Mpala, kusini ya Kalemie ya leo. Hapo alijiona mfalme mdogo. Katika milima ya Watabwa alikuwepo Lusinga, mtawala mwenye nguvu ambaye naye alifanya biashara ya watumwa na wafanyabiashara wa misafara, na ambaye hakukubali kuwa chini ya mgeni. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 1884 Storms alituma watu wake. Walimuua Lusinga, wakamkata kichwa, wakachoma vijiji na kuteka watu. Kichwa kile, pamoja na vya watawala wengine wawili, Maribu na Mpampa, viliingia katika mizigo ya Storms alipokuwa anarudi Ulaya. Sanamu ya mti ya mababu wa Lusinga ilikwenda pia, ikakaa nyumbani kwa Storms, Brussels.

Simfanyi Lusinga kuwa mtakatifu. Waliouzwa naye walikuwa wa ziwa kama sisi. Lakini mtu aliyekufa huzikwa, hata akiwa mbaya, na kila mji wa duniani una desturi hiyo, Brussels ikiwemo.

Fuvu la Lusinga leo limehifadhiwa katika Taasisi ya Sayansi Asilia, upande wa Parc Léopold, mwendo mfupi kutoka bustanini. Taasisi hiyo ni sehemu ambayo familia za Brussels hupenda sana mwisho wa juma, kwa sababu ya mifupa ya dinosaria wa Bernissart, waliochimbuliwa mwaka 1878 katika mgodi wa makaa ya mawe. Ni mifupa ya ajabu kweli, imesimamishwa mirefu nyuma ya kioo, na watoto wanaishangilia. Fuvu halionyeshwi kwa umma. Mmoja wa wazao wa Lusinga, anayeishi Lubumbashi, amekwisha kumwandikia mfalme wa Ubelgiji kuomba arudishiwe. Mwaka 2022 bunge la Ubelgiji lilipitisha sheria ya kufungua njia ya kurudisha vitu vilivyochukuliwa wakati wa ukoloni, lakini sheria hiyo haikugusa mabaki ya binadamu. Yaani kinyago chaweza kuombwa kwa sheria ile, mtu hawezi. Nililisoma hilo mara mbili nisiamini.

Jumapili tulitoka mapema. Njiani kuelekea makumbusho ya Afrika ya Tervuren tulishuka kwanza bustani ya Cinquantenaire, yenye tao kubwa la mawe ambalo Leopold alilimalizia mwaka 1905 kwa fedha za Kongo. Pembeni ya bustani, karibu na Msikiti Mkuu, kuna mnara wa mwaka 1921 wa kuwasifu Wabelgiji waliofungua Kongo. Sehemu mojawapo ya maandishi yake inasifu ushujaa wa jeshi la Ubelgiji kwa kumwangamiza Mwarabu mfanyabiashara wa watumwa, na neno "Mwarabu" limewahi kuchongolewa, likarudishwa, kwa mabishano ya miaka. Vita vinavyotajwa pale ni vya kwetu. Rumaliza, aliyetokea Lindi akaitawala Ujiji na kaskazini ya ziwa, alivipigana hadi mwaka 1894. Kiswahili tunachokisema Uvira kilifuata nyayo za misafara ya watu kama yeye. Mnara hausemi kwamba askari wa pande zote mbili, kwa wingi wao, walikuwa Waafrika, wala hausemi juu ya mikono iliyokatwa kwa ajili ya mpira chini ya serikali iliyodai imekuja kukomesha utumwa.

Tramu namba 44 kutoka Montgomery ni safari ya furaha. Inapita kando ya madimbwi na nyumba za matajiri, kisha inaingia katika msitu wa Soignes, na kwa muda abiria wote huwa wa kijani kwa mwanga wa majani. Mwisho wa njia ni Tervuren, na mbele yako jumba la makumbusho ya Afrika, lililofunguliwa mwaka 1910, lenye bustani za kifalme nyuma yake ambazo Jumapili hujaa baiskeli na bata.

Bustanini hapo, kiangazi cha mwaka 1897, Leopold alifanya maonyesho ya Kongo. Watu 267 waliletwa kwa meli na kuwekwa katika vijiji vya kuigiza kando ya maji, na zaidi ya Wazungu milioni moja walikuja kuwatazama. Kiangazi kile kilikuwa cha mvua na baridi. Saba walikufa. Makaburi yao yako ubavuni mwa kanisa la Tervuren, karibu na jumba, na majina yamechongwa: Ekia, Gemba, Zao na wenzao. Ninamsihi kila mtu wa kwetu anayefika Tervuren aende pale kwanza, kabla ya kulipa kiingilio.

Ndani, jumba lilifungwa mwaka 2013 na kufunguliwa tena mwezi wa kumi na mbili mwaka 2018 baada ya kutengenezwa upya. Limejitahidi, na nitalisifu palipo na sifa. Kuna ukuta wenye majina ya Wabelgiji 1,508 waliokufa Kongo katika miaka ya mwanzo. Jina la Mkongo hata moja hapana. Msanii Freddy Tsimba wa Kinshasa ameandika majina ya Wakongo waliokufa mwaka 1897 kwenye vioo vya madirisha yanayoukabili ukuta huo, na jua likitoka, vivuli vya majina hayo huangukia juu ya majina ya Wabelgiji. Wakati wa baridi, mama mdogo alisema, aliwahi kuja asione kitu. Siku yetu jua lilikuwa kali, na vivuli vikatembea ukutani taratibu.

Katika ukumbi wa duara bado zimesimama sanamu za dhahabu zinazomwonyesha Ubelgiji akimletea Mkongo ustaarabu. Sheria ya kulinda majengo hairuhusu ziondolewe, kwa hiyo zimewekewa mapazia yenye picha zinazozijibu. Katikati, Aimé Mpane, msanii mwingine wa Kinshasa, ameweka kichwa kikubwa cha mti cha Mwafrika kinachotazama mbele. Kukabiliana nacho ameweka fuvu. Ni fuvu la Lusinga, kwa mti. Nilisimama hapo muda mrefu kuliko mahali pengine popote Brussels. Mzungu mmoja mwenye mtoto begani aliniuliza kama najua maana yake, na nikamweleza kwa Kifaransa changu cha Uvira, kuanzia Mpala. Alisikiliza yote. Mtoto aliuliza kwa nini hawajamzika, na baba yake akanitazama mimi.

Baada ya hapo nilitaka maji. Jumba hili limehifadhi shajara na barua za Stanley, ambaye mwezi wa kumi na moja mwaka 1871, akiwa na Livingstone, alipanda mtumbwi kutoka Ujiji hadi ncha ya kaskazini na kuhakikisha kwamba Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Wakazi wa pale walikwisha kuwaambia wasafiri Burton na Speke hivyo hivyo walipofika Uvira mwaka 1858. Nyuma ya milango ambayo mgeni wa kawaida haipiti kuna samaki wetu pia, katika chupa za pombe kali, waliokusanywa na Max Poll katika msafara wa kisayansi wa mwaka 1946 na 1947. Jamii ya siklidi peke yake ina zaidi ya spishi 200 katika ziwa hili, nyingi hazipatikani penginepo duniani, na majina yao ya kisayansi mengi yalitolewa na mtu huyu aliyefanya kazi Tervuren. Uvira tuna Kituo cha Utafiti wa Hydrobiolojia, kilichozaliwa na taasisi za utafiti za wakati huo huo. Mtafiti wetu kijana anayetaka kujua kama samaki aliyemvua leo Kilomoni ni yule yule wa mwaka 1947 hana budi kulinganisha na chupa iliyoko kando ya msitu wa Soignes.

Hilo si jambo la makumbusho tu. Tangu mwaka 2020 ziwa limepanda, limemeza nyumba za Kavimvira na Kalundu, na mwezi wa nne mwaka ule ule mto Mulongwe ulishuka kutoka mlimani ukaua watu wetu. Ziwa limewahi kufanya hivi. Msafiri Cameron aliukuta mto Lukuga, mlango pekee wa maji yake, umezibwa kwa majani na matope mwaka 1874. Miaka michache baadaye maji yakauvunja mlango, ziwa likashuka kwa mita kadhaa, na kituo cha Karema kilichojengwa ufukweni kikajikuta mbali na maji. Vipimo vya usawa wa ziwa, ramani za fukwe za zamani, barua za waliokaa pale mwaka hadi mwaka: hivyo ndivyo wapimaji wa mji wa Uvira wangepaswa kuwa navyo mezani wanapoamua watu wajenge wapi. Fuvu lina wenyewe wanaolingoja Katanga, na samaki wanaweza kubaki kwenye chupa zao, lakini karatasi hizo zinaweza kupigwa picha na kutumwa Uvira bila sheria mpya ya bunge. Ningependa meya wetu aandike barua, na kituo chetu cha utafiti kiandike ya kwake, na watu wetu wa Brussels wazipeleke kwa mkono mlangoni Tervuren.

Wenye visa au wanaoishi tayari Lille, Eindhoven, Köln au Liège hawana haja ya kunisubiri. Jumba hufungwa Jumatatu. Njoo Jumapili na watoto, upande tramu ya 44 kabla ya saa nne asubuhi, upite kwanza kanisani kwenye yale makaburi 7, kisha uingie. Usiwaharakishe mbele ya fuvu la mti. Waache waulize, na uwajibu kwa Kiswahili. Mchana kuna nyasi nzuri nyuma ya jumba za kulia chakula mlichobeba, maana mkahawa wa ndani ni ghali, na jioni Matonge bado itakuwa na mwanga wa kutosha kwa kununua sombe ya kurudi nayo.